Kimbunga kilipita kijijini kwetu Mufindi kikaiacha nyumba yangu imesimama. Niliyoyasema nilipofika bado yananichoma

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, napita zangu. Leo naandika ya kwangu, na nitayaandika kama yalivyokuwa bila kujipaka mafuta. Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Yaliyobaki ni kweli tupu, na mtu wa kwetu akisoma atajua ni mimi. Sawa tu.

Naishi Uyole, Mbeya. Nina duka la pembejeo: mbolea, mbegu, dawa za mimea. Nina mke na watoto.

Lakini kwetu ni Mufindi, ndani huko. Ukishaiacha Mafinga unaingia kwenye msitu wa mipaina, unakwenda, unakwenda, mpaka unafika kwenye ukungu ambao hauondoki hadi jua liwe limepanda.

Nimekulia huko. Mama yangu alikuwa mchuma chai, anatoka alfajiri anarudi jioni. Mchana nilikuwa nakula kwa jirani, Bibi Sekalinga. Sio kwamba nilikuwa nakaribishwa, hapana, sahani yangu ilikuwepo. Mwanae na mimi tulikuwa tunalala kitanda kimoja wakati wa baridi. Leo huyo mwanae anaitwa Baba Faraja, ana mke na watoto, na bado anaishi palepale ubavuni mwa kiwanja chetu pamoja na mama yake.

Mama yangu alishatangulia. Kwenye kiwanja chake ndipo nilipojenga.

Sasa kuhusu hiyo nyumba, niwe mkweli. Niliijenga ionekane. Bati za msauzi rangi ya damu ya mzee, madirisha ya aluminiamu, marumaru mpaka barazani. Ukiwa barabarani unaiona kabla hujaona kanisa. Tunalala humo Krismasi tu, labda na msiba ukitokea. Siku nyingine zote imefungwa, makochi yamefunikwa, magodoro hayajatolewa nailoni zake. Getini nikaweka bango MBWA MKALI. Mbwa mwenyewe hajawahi kuwepo.

Funguo za mlango nilikuwa natembea nazo. Mke wa Baba Faraja, Mama Faraja, nilimwomba awe ananiangalizia kwa nje tu, asiingie mtu.

Basi.

Siku ya tukio nilikuwa dukani. Jioni ikaingia video kwenye group la ukoo. Mtu alirekodi akiwa mbali, ng'ambo ya bonde. Unaona wingu jeusi limeshuka kama mkia, linazunguka, halafu chini yake vitu vinaruka. Mwanzoni nilidhani ni ndege. Yalikuwa mabati.

Halafu sauti ya anayerekodi inasema, "Kanisa hilo! Kanisa hilo limekwenda!"

Kwetu upepo tunaujua. Kisulisuli cha kuzungusha majani uwanjani tunakijua. Kitu kama kile hakuna aliyewahi kukiona.

Nikapiga simu ya Baba Faraja, haipatikani. Ya Mama Faraja, haipatikani. Mnara ulikuwa umeanguka, nilikuja kujua baadaye.

Na hapa wakuu ndipo aibu yangu inapoanzia. Nilirudia ile video nyumbani, nikaikuza, nikaisimamisha, nikairudisha nyuma. Mke wangu akaniuliza, "Umewaona watu?"

Nilikuwa natafuta paa langu.

Asubuhi nikapanda basi la kwanza. Begi langu nililipakia mwenyewe: nyundo, misumari ya bati, turubai kubwa la kufunikia makochi kama paa limeondoka, na kufuli mpya. Sikubeba hata mkate. Sikubeba blanketi. Nataka mjue kwamba sikusahau. Havikunijia kichwani kabisa.

Mafinga nikachukua bodaboda. Jamaa alikuwa mtu mzima, mwongeaji, lakini tulipoingia kwenye msitu akanyamaza. Mipaina ilikuwa imekatika katikati, mingi mno, yote imelalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Na kinachoshangaza, hatua chache pembeni mingine imesimama, hata tawi halijavunjika. Ule upepo ulikuwa na njia yake. Ulipopita ulisaga, pembeni haukugusa.

Mbele barabara ikaziba. Miti imelala juu ya miti. Kwa mbali nikasikia mlio wa chenso, watu wanakata kufungua njia. Nikamwacha bodaboda nikapita kwa miguu kwenye mashamba.

Mahindi yalikuwa yamebaki vijiti. Mvua ya mawe ilikuwa imechana kila jani.

Nilipofika juu ya kilima nikasimama. Nilidhani nimepotea. Kutoka pale tangu utotoni ulikuwa unaona miti ya matunda, mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi, moshi wa majiko, basi. Nyumba unazikisia tu. Sasa nilikuwa naona mpaka mtoni. Hakuna kilichokuwa kinazuia macho. Kanisa ni kuta nne na mabenchi yamemwagika nje. Shule upande mmoja hauna paa. Nyumba ya Bibi Sekalinga haikuwepo. Simaanishi imebomoka tu. Palikuwa na rundo la matofali mabichi yamelowa, na mlango umesimama peke yake kwenye fremu yake.

Na pembeni yake, nyumba yangu.

Nzima. Bati zote juu, zinang'aa. Hata kioo hakijapasuka.

Nikasema kwa sauti, nikiwa natembea, "Asante Yesu. Asante Yesu wangu." Nikaharakisha. Machozi yalinilenga, na wala sikuwa nawalilia watu.

Geti lilikuwa wazi. Barazani palikuwa pamejaa. Wanawake, watoto, wazee wachache, wamekaa wamebanana, wamejifunika khanga, magunia, chochote. Masufuria yamepangwa. Kuku wamefungwa miguu. Na pembeni, karibu na mlango, mtu alikuwa amewasha moto juu ya marumaru zangu, moshi umepanda ukutani, ukuta mweupe, umekuwa mweusi mpaka juu kwenye dari.

Wakuu, sikusalimia.

Hilo ndilo la kwanza nililofanya nilipofika kwetu baada ya janga. Sikusalimia. Nilisema, "Nani amewasha moto hapa?"

Nikaendelea.

"Eneo lote hili hamkuona pa kuwasha moto mpaka kwenye ukuta wa mtu? Hii rangi mnajua ilivyonisumbua?"

Watoto walikuwa wameshaanza kusogea, wanalitazama begi langu. Lilikuwa limejaa, na nadhani waliona mtu katoka mjini na begi kubwa wakajua ni chakula. Mmoja alisogea mpaka akaligusa. Mama yake akamvuta mkono.

Mama Faraja akainuka. Alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, limefungwa kipande cha kitenge. Akaja mbele yangu, akainama kidogo kama wanavyosalimia kwetu.

"Karibu nyumbani, shemeji. Pole na safari."

Halafu akasema, "Ni mimi niliyewasha. Utusamehe. Bibi alikuwa anatetemeka sana."

Akachukua tambara, akalilowesha kwenye ndoo, akaanza kufuta ule ukuta.

Na mimi nikamwacha. Nataka niandike hili lieleweke. Nilisimama na begi langu nikamwangalia mwanamke ambaye hana nyumba, ana jeraha usoni, anafuta masizi kwenye ukuta wa nyumba yangu, na kwa muda kidogo niliona ni haki yangu.

Kilichonizindua ni sauti. Pale karibu na moto palikuwa na kitu nilichodhani ni mzigo wa nguo. Kikasogea.

"Huyo ni Eliya?"

Alikuwa Bibi. Amelala juu ya mabua ya mahindi, kafunikwa magunia ya viazi. Uso umekuwa mdogo, kama wa mtoto. Ukuta ulikuwa umemwangukia kiunoni, wakamtoa na majembe. Tangu jana yake alikuwa amelala pale, baridi yote ile ya kwetu, maana barabara ilikuwa imeziba na simu hazikuwa na mtandao.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimia kikwetu. "Umekuja kutuona?"

"Ndiyo, Bibi," nikasema. "Nimekuja kuwaona."

Nilitoa funguo. Kitasa kilinishinda, nikajaribu funguo isiyo yenyewe. Mlango ulipofunguka ile harufu ya nyumba iliyofungwa ikatoka, harufu ya nailoni na rangi. Ndani kavu. Blanketi zimekunjwa kabatini. Vitanda vimetandikwa. Bibi Sekalinga alikuwa amelala usiku mzima na kiuno kilichovunjika, na kati yake na kitanda cha karibu kulikuwa na mlango tu.

Nikamuuliza Mama Faraja, "Kwa nini hamkuvunja?"

Aliniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Tungevunjaje mlango wa mtu, shemeji? Na wewe ulituachia tukuangalizie."

Mzee mmoja pale nje akadakia. "Tulitaka kuvunja. Mimi nilishashika shoka. Bibi mwenyewe ndiye alikataa. Alisema Eliya akija akute mlango wake mzima."

Watu wakaanza kuvua viatu. Kuvua viatu, wakuu! Matope mpaka magotini, mabuti ya mvua yamejaa maji, wanayapanga nje mstari mzuri ili wasichafue marumaru. Wengine walikataa kabisa kuingia, wakasema hapa barazani panatosha.

Tukambeba Bibi kumpeleka kwenye kitanda cha chumba cha wageni. Na hapo mlangoni, naapa sijui ni pepo gani, mdomo wangu ukasema, "Subirini kidogo." Nikatangulia, nikaondoa lile shuka zuri la juu na mto wenye maua. Nikaacha godoro na nailoni yake. Halafu ndiyo nikasema, "Mlazeni."

Alikuwa ananiangalia. Alikuwa na maumivu ya kufa mtu lakini macho yake yalikuwa juu yangu wakati nimeshika lile shuka kifuani.

Aliniambia tu, "Pazuri hapa."

Kuanzia hapo nilijitahidi. Sitaki nijieleze sana kwa sababu hiyo sio sehemu ninayostahili kuisimulia kwa mbwembwe. Nilitoa blanketi zote. Turubai tukalifunga nje kwa ambao hawakuenea ndani. Tukakata mianzi iliyoanguka, tukafunga blanketi, tukapata machela. Nikashika kona ya mbele, Mama Faraja akanifuata nyuma yangu, tukaondoka na Bibi kuelekea kule chenso zilikokuwa zinalia.

Njiani tulikuwa tunapumzika. Kila tukimteremsha anasema asante. Kila tukimwinua anasema poleni. Sijawahi kuchukia neno asante kama siku ile.

Tukawakuta wakataji. Baba Faraja alikuwa katikati yao, amejaa vumbi la mbao mpaka kope. Alikuwa hajalala. Aliponiona akaweka chenso chini, akaja akanikumbatia, akaanza kulia begani kwangu. Mtu mzima yule, mkata mbao, sijamwona akilia tangu tukiwa wadogo.

"Ndugu yangu," akasema. "Umeacha duka lako umekuja."

Nilimwangalia mkewe juu ya bega lake. Mama Faraja alikuwa anarekebisha blanketi la Bibi. Hakuinua macho.

Upande wa pili wa miti tukapata gari dogo la mizigo, tukamfikisha Bibi hospitali Mafinga. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari akasema mapafu nayo yameingiwa na baridi, akasema kwa umri ule ameshangaa. Niliuliza kama angewekwa sehemu ya joto mapema ingesaidia. Akanijibu tu kwa upole kwamba joto huwa linasaidia. Hakujua anamjibu nani.

Kuna siku kadhaa pale tulidhani tunampoteza. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje namwomba Mungu, na maombi yangu hayakuwa safi, nilikuwa naomba apone ili mimi nisiwe nimemuua.

Alipona. Kutembea hatembei tena, lakini alipona.

Funguo nilimwachia Mama Faraja. Familia yao na nyingine moja zinaishi pale mpaka leo. Nilipokwenda tena kuwaangalia nilikuta wamelikunja zulia wakaliweka juu ya kabati, makochi bado yana nailoni, wao wanakaa kwenye mikeka. Niliwaambia, jamani kaeni kwenye makochi. Wakasema ndiyo, wakaendelea kukaa kwenye mikeka. Bibi kila nikifika ananiuliza, "Nitoke lini nikupishe?" Namwambia hutoki, Bibi. Siku ya pili anauliza tena.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike uzi huu.

Juzi Jumapili kulikuwa na ibada ya shukrani kule kijijini. Kanisa bado halina paa, tulikaa nje kwenye yale mabenchi. Nilikwenda na mke wangu na watoto, tumevaa vizuri. Ulipofika muda wa ushuhuda, Baba Faraja akasimama.

Akasema kuna watu wakishakwenda mjini wanasahau walikotoka. Akasema lakini kuna mtu mmoja ambaye upepo haujalala vizuri alikuwa ameshafika, akafungua nyumba yake kwa kila mtu, akambeba Bibi begani. Akanitaja jina. Akaniomba nisimame.

Nikasimama.

Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Sekalinga kwenye kiti chake cha plastiki alikuwa ananyoosha mikono miwili juu. Mke wangu alikuwa anatabasamu, anafuta machozi. Mke wangu hajui, sikuwahi kumwambia.

Na karibu nusu ya wale waliokuwa wanapiga makofi walikuwepo barazani siku ile. Walinisikia. Yule mzee wa shoka alikuwepo, anapiga makofi. Yule mama aliyemvuta mwanae kwenye begi langu alikuwepo, anapiga makofi. Mama Faraja alikuwa mstari wa mbele, kovu bado linaonekana kwenye paji, anapiga makofi kama wengine.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo. Kijiji ambacho binti akibadilisha njia ya kwenda kisimani kila mtu anajua, kilikuwa kimenitunzia hilo, na wala sikuwaomba.

Nilikaa chini. Sikusema hata neno la kukanusha. Nilisema amina.

Baada ya ibada nikamfuata Mama Faraja jikoni, alikuwa anamenya viazi na wenzake. Nikamwomba tusogee pembeni. Nikamwambia, "Shemeji, siku ile niliongea vibaya. Nataka nimwambie Baba Faraja ukweli. Sistahili yale makofi."

Alifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Mimi nilisikia," akasema. "Bibi alisikia. Tuliumia, siwezi kukudanganya. Lakini Baba Faraja hakusikia. Amepoteza nyumba, shamba limekwenda, mama yake hasimami. Amebaki anasema kila siku, lakini nina ndugu. Muachie, shemeji. Usimnyang'anye na hilo ili wewe upate usingizi."

Akarudi kwenye viazi vyake.

Wakuu, nilikuja na uzi huu nikidhani nitaweka somo mwishoni kama wengine mnavyofanya. Somo nililonalo ni dogo tu: mtu hajijui mpaka siku afike kwao akute kumeharibika, aone macho yake yanaangalia kwanza wapi. Yangu niliyaona yalikoangalia. Nyumba ninayo bado, na nikiingia ndani yake ni mimi ninayebisha hodi.

Mnaojua mambo ya ndoa, ya ukoo, ya imani, nisaidieni. Nimwambie ndugu yangu nikae na aibu yangu hadharani, au nimsikilize Mama Faraja niendelee kuitwa mtu mwema na watu wanaojua sivyo?

Na kama unaona nastahili kusemwa, nisemeni tu. Nitasoma yote na sitajibu kwa hasira.